Chama cha Highland cha London na Uhifadhi wa Tartani, 1778–1815

Chama cha Highland cha London kiliasisiwa mwaka 1778, wakati sheria ya mwaka 1746 ilipokuwa ingali ikiwakataza wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti kuvaa kilti na tartani, isipokuwa waliokuwa askari wa mfalme. Ushawishi wa chama hicho ulichangia kufutwa kwa sheria hiyo mwaka 1782, kwa muswada uliowasilishwa bungeni na Marquess of Graham. Mwaka mmoja kabla ya hapo kilikuwa kimedhamini mashindano ya wapiga zumari mjini Falkirk.

Jambo lenye uzito zaidi lilitokea mwaka 1815. Chama kiliwaomba wakuu wa koo wawasilishe vipande vya tartani zao, vikiwa na saini na mhuri. Lord Macdonald alikiri kwamba hakuijua tartani ya ukoo wake, akakiomba chama kimtafutie iliyo halisi ili aithibitishe. Kwa hiyo dai kwamba chama kilihifadhi tu desturi iliyokuwapo halina mashiko. Kwa kiasi fulani, kilishiriki kuiunda.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1814 wakulima wa bonde la Strathnaver, wasemaji wa Kigaeli, walifukuzwa katika ardhi ya Countess of Sutherland ili kupisha ufugaji wa kondoo, na nyumba zao zikachomwa moto. Ombi la mwaka uliofuata liliwaendea wakuu wa koo, ambao wengi wao walikuwa wamiliki wa ardhi.