Ulipanda mti ama ulipanda picha?

Nianze na aibu yangu, ndiyo usije ukaniambia najifanya.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo ya ghafla. Kenya nzima ilipewa siku moja ya kupanda miti. Hapa Nyeri mvua ilikuwa inanyesha karibu kila siku. Nikavaa gambuti, nikapanda matatu, nikaenda kwenye kilima kimoja nje ya mji, nikapewa mche, nikauweka kwenye shimo, nikarekodi sekunde arobaini. Hiyo video ilienda sana. Mpaka leo kuna wasee wananitambua kwayo.

Februari nikarudi na simu kupiga picha ya "baada". Sikupata mti, nilipata kijiti. Nilipokivuta kikatoka chote, na chini bado kulikuwa na ile karatasi nyeusi ya nailoni ya kitaluni. Nilikuwa nimepanda mche na karatasi yake! Mizizi ilizunguka humo ndani ikakosa pa kwenda. Na si wangu tu. Ule mstari mzima ulikuwa vijiti.

Nikamwambia cucu. Hakunigombeza. Alicheka, akaendelea kuchambua maharagwe, kisha akaniuliza, "Kwani wewe ulipanda mti ama ulipanda picha?"

Hilo swali limenisumbua kuliko masomo yote niliyowahi kufanya. Nikaanza kusoma historia ya huku kwetu nikitafuta kitu kimoja: ni nini hufanya mti ukae? Nilichopata ni kwamba Mlima Kenya na Aberdare zina historia ndefu ya watu waliojaribu kutunza mazingira kwa amri na kwa sherehe. Nyingi zilikauka kama kijiti changu. Zilizoshika zilikuwa tabia ndogo za kila siku, za watu ambao hakuna aliyekuwa anawapiga picha.

Twende Ihithe kwanza. Ni kijiji cha Tetu, si mbali na Nyeri mjini. Wangari Maathai alizaliwa huko mwaka wa 1940. Alipokuwa mdogo alitumwa kuni kama watoto wengine wote, na mama yake alimpa sheria moja: usiokote kuni kwenye mugumo, hata kama zimeanguka zenyewe. Mugumo ulikuwa mti wa Mungu. Haukatwi, hauchomwi. Karibu na huo mti kulikuwa na chemchemi, na kijito ambapo Wangari alicheza na mayai ya chura akidhani ni shanga.

Ukisikia hivyo unaweza kusema hiyo ni imani ya kizamani. Lakini angalia kazi yake. Mizizi ya mugumo huenda chini sana, hupenya mpaka kwenye mwamba, ikafungua njia ya maji ya ardhini kupanda juu. Huku juu inashika udongo wa mteremko usiporomoke. Wazee hawakuwa na maabara, walikuwa na mwiko tu. Mwiko ni tabia ambayo huhitaji kukumbushwa na mtu. Hakuna mlinzi aliyesimama pale na rungu. Mtoto wa miaka saba anatumwa kuni, anapita kando, basi.

Wangari alienda kusoma Marekani mwaka wa 1960. Baada ya kurudi akatembelea kwao, akakuta shamba limepata mwenye mpya, ambaye aliona mugumo unakula nafasi, akaukata apande majani chai. Kijito kilikuwa kimekauka. Vizazi kadhaa vililinda mti bila senti, na tabia ilipovunjika mara moja, maji yakaenda.

Sasa ngoja tuone upande wa amri. Miaka ya 1940 serikali ya mkoloni iliona udongo wa Ukambani na wa nchi ya Wakikuyu unasombwa na mvua. Hapo haikukosea, mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini haikugusa ile ardhi kubwa waliyopewa walowezi huku Waafrika wakibanwa kwenye vipande. Ilitoa amri watu wachimbe matuta ya kuzuia maji, kazi ya lazima, machifu wakisimamia. Waliochimba zaidi ni wanawake, kwa sababu wanaume wengi walikuwa wameenda kutafuta kazi mjini na kwenye mashamba ya wazungu. Mama anatoka kulima shamba lake, anatafuta maji, anapika, halafu anapelekwa kuchimba kilima bure.

Mwaka wa 1948 wanawake wa Murang'a walichoka. Walienda mpaka makao makuu ya wilaya wakiimba na kucheza, wakasema hawachimbi tena. Ukiisoma haraka utadhani walikuwa maadui wa mazingira. Hapana. Udongo ulikuwa wao, waliujua kuliko yule ofisa. Walichokataa ni kulazimishwa.

Na ushahidi uko jirani, kule Machakos. Miaka ile ya mkoloni matuta yalichukiwa huko pia. Baada ya uhuru, watu wale wale walichimba matuta wenyewe, kilomita baada ya kilomita, kwa vikundi vyao vya mwethya, kwa sababu sasa mavuno yalikuwa yao. Aina moja ya matuta inaitwa "fanya juu", na hilo jina la Kiswahili limeingia kwenye vitabu vya kilimo duniani. Jembe halikubadilika. Kilichobadilika ni nani anaamua na nani anakula.

Tarehe 5 Juni 1977 Wangari, ambaye sasa alikuwa daktari wa falsafa na mhadhiri wa chuo kikuu, aliongoza watu kupanda miti saba Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement. Sasa sikiliza sehemu ambayo haisemwi sana: mingi ya ile miti saba ilikufa. Manze, niliposoma hivyo nilipumua. Hata yeye!

Tofauti yangu na yeye ni kilichofuata. Mimi nilifuta video. Yeye na wenzake walikaa chini wakauliza kwa nini imekufa. Wakaona mti unahitaji mtu anayeishi karibu nao, anayeupita akienda kisimani, ambaye ukifa atakosa kitu. Kwa hivyo kazi ikaenda kwa wanawake wa vijijini, ambao walihitaji kuni, lishe ya mifugo na maji karibu na nyumba. Maofisa wa misitu waliona haiwezekani, kwamba kupanda miti kunataka mtu aliyesomea. Wanawake wakakusanya mbegu za miti ya kwao, wakaotesha kwenye chochote walichonacho, hata vyungu vilivyovunjika. Wangari aliwaita wataalamu wa misitu wasio na diploma. Mimi niliyeacha chuo katikati, hapo nilikaa wima kidogo.

Halafu kuna malipo, na kwangu huu ndio ujanja mkubwa kuliko yote. Walilipwa pesa kidogo sana, senti chache tu za dola kwa kila mche. Lakini hulipwi kwa kupanda. Unalipwa mche ukishashika na kuishi. Hebu fikiria ile likizo ya Novemba ingekuwa hivyo: hakuna kusifiwa leo, rudi baada ya miezi sita tuhesabu. Wangapi tungebaki kwenye kile kilima?

Kufikia mwaka wa 2004 vikundi hivyo vilikuwa vimepanda miti zaidi ya milioni 30. Tarehe 8 Oktoba mwaka huo, Wangari alikuwa safarini kutoka Nairobi kuja Tetu, ambako alikuwa mbunge, simu ikalia: ameshinda Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza Mwafrika. Mtu mwingine angerudi Nairobi kwenye kamera. Yeye alisimama hapa Nyeri, kwenye bustani ya hoteli ya Outspan, akapiga magoti akapanda mti, ule wa maua mekundu tunaouita Nandi flame, akiutazama Mlima Kenya. Zamani ningesema hiyo ni picha nzuri tu. Sasa naona kitu kingine. Mtu akipata habari kubwa, mikono yake hufanya ilichozoea.

Alifanya hivyo mpaka mwisho. Alipofariki Septemba 2011, alikuwa ameacha neno kwamba asikatiwe mti kwa ajili ya jeneza. Likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu maji.

Sasa utaniambia, "Lakini amri nyingine zilifanya kazi." Ni kweli, na lazima niwe mkweli. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu. Ukipatikana, faini inaweza kufika shilingi milioni nne au kifungo mpaka miaka minne. Ile mifuko iliyokuwa inaning'inia kwenye kila ua ilipungua kabisa. Hofu ilisaidia, sikatai. Lakini nenda soko la Karatina uangalie akina mama. Wengi hawakuanza kitu kipya siku ile. Kiondo kilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Sheria ilikuta tabia ya zamani ikaiamsha. Pale ambapo hakukuwa na tabia ya kuamsha, mambo yako vile yalivyokuwa: simama kwenye daraja la Chania mvua ikinyesha uhesabu chupa za soda zinazopita. Mimi nilihesabu mpaka nikaacha.

Na usidhani haya ni mambo ya kijijini. Maji ya Mlima Kenya na Aberdare ndiyo huingia Mto Tana, na Tana ndiyo inazungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji mengi ya Nairobi hutoka Aberdare kupitia Ndakaini. Kama unasoma hii ukiwa Umoja na simu iko kwenye chaji, kuna mteremko huku kwetu unaokufanyia kazi.

Serikali inasema tufikishe miti bilioni 15 ifikapo mwaka wa 2032. Ukigawa kwa Wakenya wote, ni karibu miti 300 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Siku moja ya likizo na gambuti haiwezi kutufikisha. Nami siwezi 300. Kwa hivyo nilianza na ninachoweza.

Baada ya lile swali la cucu nilianza kuosha pakiti za maziwa badala ya kuzitupa. Nilitoboa chini, nikajaza udongo na mbolea ya ng'ombe, nikaotesha muringa na parachichi. Cucu alinionyesha kivuli kinahitajika kiasi gani, na kwamba unapanda mvua ikishashika, si mvua ya kwanza. Na unatoa karatasi! Maji ya kuoshea vyombo, yale ya kusuuzia, huenda kwa miche. Jioni kabla sijashika simu, naizungukia. Ni dakika kumi tu.

Sitakudanganya kwamba nimekuwa tajiri. Nimeuza miche ya parachichi kwa majirani mara kadhaa, pesa ya bando na ya unga. Lakini kuna kitu kingine nilipata ambacho sikukitarajia. Nilipoacha chuo nilikuwa nalala saa tisa usiku nikitazama maisha ya watu wengine, na naamka sina sababu ya kuamka. Mche hauna habari na wafuasi wako. Usipoumwagilia siku tatu Januari, unakunja majani. Ukiumwagilia, unayafungua. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kitu kilikuwa kinanitegemea, na nilikuwa ninaweza. Nadhani hata wale akina mama wa mwaka wa 1977 hawakuwa wanatunza miti peke yake.

Mpaka leo nina miti kumi na mmoja hai kwenye shamba la cucu. Nilipanda ishirini na mitatu. Miwili ililiwa na mbuzi wa jirani, mingine ilikufa kwa makosa yangu, na kila uliokufa nimejua kwa nini. Hiyo hesabu sijawahi kuiposti mpaka leo kwa sababu haionekani kubwa. Lakini ndiyo hesabu pekee ninayoiamini.

Kwa hivyo sitakuomba uende kupanda mti kesho. Chagua kitu kimoja kidogo unachoweza kufanya hata siku ambayo umechoka, mvua inanyesha na hakuna anayeangalia: chupa yako mwenyewe ya maji, kiondo kwenye begi, ndoo moja ya maji machafu kwa mti wa mtaani ambao hukuupanda wewe. Na kama ni lazima unitumie picha ya mti, karibu, nitaipenda. Ila usinitumie ya leo. Nitumie baada ya miezi sita.