Jinsia na Uongozi wa Jiji la Kampala

Jinsia na uongozi wa Jiji la Kampala ni suala la nafasi na ufanisi wa wanawake katika utawala wa mji mkuu wa Uganda, hasa tangu Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala (KCCA) ilipochukua mahali pa halmashauri ya jiji mwaka 2011. Chimbuko lake ni la kisheria: Katiba ya 1995 inatenga theluthi moja ya viti vya mabaraza ya serikali za mitaa kwa wanawake.

Mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa KCCA alikuwa Jennifer Musisi, mwanasheria aliyetoka Mamlaka ya Mapato. Katika miaka yake (2011–2018) makusanyo ya jiji yalipanda sana na barabara nyingi zikajengwa upya. Wachuuzi, kwa upande wao, waliondolewa kando ya barabara na bidhaa zao kukamatwa, na mvutano wa Musisi na Meya Mkuu Erias Lukwago ulidumu miaka mingi. Mvutano huo ulitokana zaidi na sheria, iliyompa mamlaka ya utendaji mteule wa rais badala ya meya aliyechaguliwa, kuliko jinsia.

Dorothy Kisaka, aliyeteuliwa kuwa mkurugenzi mtendaji 2020, alifutwa kazi Septemba 2024 baada ya jalala la jiji huko Kiteezi kuporomoka mwezi Agosti na kuua watu zaidi ya 30. Mwaka 2025 nafasi hiyo ilishikwa na mwanamke mwingine, Sharifah Buzeki.