Umeme ukikatika baada ya dhoruba: hatari iliyomo ndani ya nyumba

Mwezi Februari mwaka 2021, dhoruba ya theluji na barafu ililikumba jimbo la Texas nchini Marekani. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 zilikosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa. Idara ya afya ya jimbo hilo ilihesabu vifo 246. Wengi waliuawa na baridi, lakini watu 19 walikufa kwa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hutoka kwenye majiko, majenereta na magari.

Mwezi Julai mwaka 2024, kimbunga Beryl kilipoupiga mji wa Houston na vitongoji vyake, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme, safari hii katika joto kali.

Jiko na jenereta

Kwa familia zilizotoka Afrika Mashariki na Kongo, jiko la mkaa si jambo geni. Lakini kwao huwekwa uani, au katika jiko linalopitisha upepo. Nyumba za nchi za baridi hujengwa ili hewa isipenye.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Huanza kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, dalili ambazo mtu anaweza kuzidhania mafua au uchovu. Aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Kwa hiyo jiko la mkaa lisiwashwe ndani kamwe, hata madirisha yakiwa wazi. Jenereta ikae nje, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha. Gari lisiachwe likinguruma ndani ya banda lake. King'ora cha betri kinachotambua gesi hiyo ni kinga kubwa.

Kabla ya dhoruba

Inashauriwa kuweka tochi, betri, redio ndogo, vyakula visivyohitaji kupikwa, na maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ya kutosha siku 3. Simu zijazwe chaji mapema. Tochi ni salama kuliko mshumaa. Mwenye kutumia insulini au mashine ya kupumulia apange mapema mahali pa kukimbilia.

Chakula

Friji isipofunguliwa hutunza chakula kwa muda wa saa 4. Friza iliyojaa huhimili saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Baada ya hapo nyama, maziwa na wali uliopikwa vitupwe. Kuonja si kipimo, kwani chakula chenye vijidudu huweza kuwa na ladha nzuri.

Umeme unaporejea

Vyombo vya umeme vichomolewe mara umeme unapokatika, ili visiungue unaporudi kwa nguvu. Taa moja iachwe ikiwa imewashwa, iwe ishara. Waya ulioanguka uhesabiwe kuwa una umeme. Watu wakae umbali wa mita 10 au zaidi, na watoto wakatazwe kucheza kwenye madimbwi yaliyo karibu nao.