Sasisha, zima, ondoa, futa: vitenzi vya programu-jalizi na mipaka yake

programu-jalizi nm [i-/zi-] sehemu ya programu inayoongezwa katika programu kuu, hususan ile inayoendesha tovuti, ili kuipa kazi ambayo haikuwa nayo: fomu ya mawasiliano, duka la mtandaoni, ulinzi, kalenda ya matukio. Katika mazungumzo ya kila siku mafundi wengi husema *plagini*. Matumizi: *Programu-jalizi hii imesasishwa jana. Programu-jalizi zisizotumika zifutwe.*

Umbo na ngeli

Sehemu ya pili ya neno hili ina mnasaba na kitenzi *jaliza*, yaani kujaza kitu hata kitimie. Wanaisimu wana neno la ukoo huohuo, *kijalizo*, kwa sehemu ya sentensi inayokamilisha maana ya kitenzi. Kwa hiyo jina lenyewe limebeba ufafanuzi: programu-jalizi haisimami peke yake, bali hujaliza nyingine. WordPress, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ilipokea mfumo wa programu-jalizi katika toleo la 1.2 mwaka 2004, na mifano ya makala haya yote imetolewa humo.

Neno hufuata ngeli ya *programu*, si ya kitu kingine chochote. Husemwa *programu-jalizi hii*, wala si *programu-jalizi hili*. *Programu-jalizi hizi zimezimwa*, wala si *maprogramu-jalizi haya yamezimwa*. Kistari huandikwa kati ya maneno mawili, bila nafasi kabla wala baada yake.

Kwa nini vitenzi vipambanuliwe

Mwenye tovuti anapomwandikia fundi wake agizo la mstari mmoja, kitenzi ndicho kinachoamua kitakachosalia baada ya kazi kwisha. Vitenzi *zima*, *ondoa* na *futa* hutumiwa na wengi kana kwamba ni visawe. Katika kazi ya tovuti si visawe hata kidogo: kila kimoja huacha nyuma kitu tofauti. Kosa la uteuzi wa neno hapa laweza kufuta oda za wateja zilizopaswa kuhifadhiwa, au kuacha mlango wazi pale ambapo mwenye nyumba anaamini kuwa amekwisha kuufunga.

sasisha kt [ele] fanya kitu kiwe cha sasa. Kitenzi kimeundwa kutokana na *sasa* kwa kiambishi cha usababishi. Mnyambuliko: *sasishwa, sasishia, sasishika*, majina: *sasisho (ma-)*, *usasishaji*.

Kusasisha programu-jalizi ni kuweka toleo jipya mahali pa toleo la zamani. Ni vyema msomaji aelewe kinachotendeka ndani, kwa sababu maana ya neno imo humo. WordPress hupakua kifurushi cha toleo jipya, hukifungua, huweka tovuti katika hali ya matengenezo kwa muda mfupi, kisha huliondoa folda la zamani na kuliweka jipya. Haichanganyi jipya na la zamani. Kwa hiyo mabadiliko yoyote ambayo fundi aliyaandika kwa mkono ndani ya mafaili ya programu-jalizi hupotea pindi inaposasishwa. Mipangilio na data, kwa upande mwingine, hukaa katika hifadhidata, nayo kwa kawaida haiguswi na ubadilishaji huo wa mafaili.

Sasisha hutofautiana na vitenzi viwili vinavyokaribiana nacho:

*Boresha* ni kufanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa. Nchini Tanzania neno *uboreshaji* limezoeleka kwa maana pana inayojumuisha kuongeza na kurekebisha taarifa, kama katika *Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura*. Katika programu, hata hivyo, kila toleo jipya si lazima liwe bora kwa kila mtumiaji. Huenda likaondoa kazi aliyoizoea, au likagongana na programu-jalizi nyingine. *Sasisha* haliahidi ubora. Laahidi usasa tu. *Boresha* lihifadhiwe kwa mtu anayehama kutoka toleo la bure kwenda toleo la kulipia lenye kazi nyingi zaidi.

*Huisha* ni kutia uhai upya, nalo hutumika ipasavyo kwa vibali na leseni zinazokwisha muda. Tofauti hii ina uzito katika programu-jalizi za kulipia. Nyingi kati yake huendelea kufanya kazi hata leseni inapokwisha, ila hazipokei tena matoleo mapya. Sentensi sahihi basi ni hii: *Leseni isipohuishwa, programu-jalizi haitasasishwa.* Mwenye tovuti anayeona kuwa kila kitu kinakwenda sawa anaweza kukaa miezi mingi bila kujua kuwa anatumia toleo lililokwisha kugunduliwa kasoro.

zima kt [ele] fanya kitu kiache kutenda kazi. Kinyume chake ni *washa*. Katika maandishi rasmi hutumika pia *amilisha*.

Taa iliyozimwa ingali ukutani. Vivyo hivyo programu-jalizi iliyozimwa: WordPress huacha kuiita, lakini mafaili yake yangali katika folda la *wp-content/plugins*, na mipangilio yake ingali katika hifadhidata. Hii ni faida kwa fundi anayetafuta chanzo cha hitilafu, kwani anaweza kuzima moja baada ya nyingine, kisha kuziwasha tena bila kupoteza kitu.

Lakini kuzima si kinga kamili. Mwezi Septemba 2020 iligunduliwa kasoro kubwa katika programu-jalizi iitwayo File Manager, iliyokuwa imewekwa katika tovuti zaidi ya 700,000. Ndani yake mlikuwa na faili ambalo mtu yeyote aliweza kuliita moja kwa moja kwa anwani yake, bila kuingia kwa nenosiri, na kwa njia hiyo akapandisha mafaili yake mwenyewe katika seva. Kasoro ilirekebishwa katika toleo la 6.9. Faili la namna hiyo halingoji programu-jalizi iwashwe. Linangoja tu liwepo. Ndiyo sababu kusema *nimeizima* si jibu la swali *umeiondoa?*

Tanbihi ya matumizi: baadhi ya tafsiri za programu hutumia *lemaza* mahali pa *zima*. Kulemaza ni kumfanya mtu au mnyama kuwa kilema, jeraha lisilorudi nyuma. Kitu kinachoweza kuwashwa tena kwa kubonyeza mara moja hakikulemazwa. Tumia *zima*.

ondoa kt [ele] toa kitu mahali kilipo na kukipeleka kwingine au kukiacha. Kitenzi hiki hudai mahali: huondolewa *katika* kitu fulani. Mahali pasipotajwa, sentensi hubaki na utata.

Mfano mzuri ni wa programu-jalizi iitwayo Display Widgets, iliyokuwa katika tovuti zipatazo 200,000. Iliuzwa kwa mmiliki mpya, na matoleo yaliyofuata mwaka 2017 yakakutwa na msimbo uliomwezesha mtu wa nje kuchapisha maandishi yake katika tovuti za wengine. Mwezi Septemba mwaka huo ikaondolewa. Iliondolewa wapi? Katika orodha rasmi ya WordPress.org, ili mtu mpya asiweze kuipakua. Katika tovuti zilizokuwa nayo tayari, ilibaki palepale hadi kila mwenye tovuti alipoishughulikia. Aliyesoma *programu-jalizi imeondolewa* akadhani hatari imekwisha, alipotoshwa na kitenzi kisicho na mahali. Sema *imeondolewa katika orodha* au *imeondolewa katika tovuti*, na utata utatoweka.

Kitenzi jirani, *toa*, kina utata mkubwa zaidi. *Kampuni imetoa programu-jalizi* yaweza kumaanisha imeitangaza kwa umma, au imeiondoa. Kwa maana ya kwanza andika *imetoa toleo jipya la*. Kwa maana ya pili epuka *toa* kabisa.

futa kt [ele] pangusa hata kusibaki alama. Haribu maandishi au data. Kati ya vitenzi vyote hivi, hiki ndicho chenye ahadi kubwa kuliko vyote, nacho ndicho kinachovunjwa mara nyingi zaidi.

Katika ukurasa wa programu-jalizi wa WordPress, kitufe cha kufuta hakionekani mpaka programu-jalizi izimwe kwanza. Kinapobonyezwa, mafaili yote huondoka katika seva. Kuhusu hifadhidata, mambo hutegemea mwandishi wa programu-jalizi. Akiwa ameandika maagizo ya kusafisha, aghalabu katika faili liitwalo *uninstall.php*, WordPress huyatekeleza kabla ya kufuta mafaili. Asipoyaandika, majedwali na mipangilio hubaki, ingawa mafaili yameondoka. Na kama fundi amelifuta folda kwa mkono kupitia seva, maagizo hayo hayatekelezwi hata yakiwepo.

Kwa hiyo neno moja *futa* lina maana tatu katika kazi hii, na mwandishi makini huzitaja:

1. *Futa mafaili*: folda la programu-jalizi halipo tena katika seva, data ingali katika hifadhidata.
2. *Futa data*: majedwali na mipangilio vimeondolewa katika hifadhidata.
3. *Futa mafaili na data*: hakuna kilichobaki, na hakuna cha kurejesha ila kwa nakala rudufu.

Hatari ipo pande zote mbili. Mwenye duka anayefuta programu-jalizi ya oda akitumaini kuiweka upya ili kuondoa hitilafu, anaweza kukuta oda zake zimekwenda nayo. Shule inayofuta programu-jalizi ya fomu za usajili ikiamini kuwa taarifa za watoto zimefutika, inaweza kuwa imeziacha zote katika hifadhidata.

sanidua kt [ele] ondoa programu iliyosakinishwa, pamoja na kuendesha utaratibu wake wa kujiondoa. Kiambishi cha utenguzi ni kilekile cha *funga–fungua* na *ziba–zibua*. Mwandishi aangalie jozi: *sakinisha*, kitenzi cha ukoo mmoja na *maskani*, ni kukipa kitu makazi, *sanidi* ni kupanga na kuandaa. Kimantiki *sanidua* ni kinyume cha *sanidi*, lakini katika tafsiri za programu limezoeleka kuwa kinyume cha *sakinisha*, na mazoea hayo yanaeleweka. Pasipo shaka, hata hivyo, ni salama zaidi kueleza: *izimwe, kisha ifutwe, mafaili na data*.

Epuka *funga* kwa maana ya kusakinisha. Mafundi husema *kufunga kamera* au *kufunga mashine*, na hapo hakuna utata. Lakini *fundi amefunga programu-jalizi* yaweza kueleweka kuwa ameisakinisha, au kuwa ameizuia isitumike.

rejesha kt [ele] fanya kitu kirudi kilipokuwa. *Kurejesha toleo la awali* ni kutengua usasishaji ulioharibika. Tangu WordPress 6.3 ya Agosti 2023, usasishaji unaofanywa kwa mkono ukishindikana njiani, toleo la zamani hurudishwa lenyewe. Toleo la 6.6 la Julai 2024 lilipanua kinga hiyo hadi usasishaji wa kiotomatiki unaosababisha hitilafu ya kuizuia tovuti isifunguke. Kinga hizi hurejesha mafaili ya programu-jalizi. Hazirejeshi data iliyofutwa. Hiyo hurejeshwa kwa *nakala rudufu* pekee, yaani nakala ya mafaili na hifadhidata iliyohifadhiwa mahali pengine kabla ya kazi kuanza.

Mpangilio wa vitenzi katika agizo

Vitenzi hivi vina mfuatano wake, na agizo lililoandikwa vizuri huufuata. Kwa kusasisha: *hifadhi nakala rudufu, soma maelezo ya toleo, sasisha moja baada ya nyingine, kagua tovuti*. Kusasisha zote kwa pamoja huokoa dakika chache, lakini hitilafu ikitokea haijulikani imetoka kwa ipi. Tovuti ikikwama katika ujumbe wa matengenezo, kuna faili liitwalo *.maintenance* katika folda kuu lililoachwa nyuma. Likifutwa, tovuti hurejea.

Kwa kuondoa: *hifadhi nakala rudufu, zima, kagua, amua kuhusu data, futa, kagua tena*. Ukaguzi wa mwisho una sababu yake: kurasa zilizotegemea programu-jalizi hiyo huenda zikaanza kuonyesha misimbo mifupi ndani ya mabano ya mraba, mbele ya macho ya wasomaji, kwa kuwa hakuna tena wa kuigeuza kuwa picha au fomu.

Linganisha maagizo mawili. La kwanza: *Toa ile plagini ya fomu, haitumiki.* La pili: *Zima programu-jalizi ya fomu leo. Ukurasa wa usajili ukiwa salama hadi Ijumaa, futa mafaili yake. Data ya waombaji isifutwe kabla ya kunakiliwa.* La kwanza ni fupi zaidi, lakini linamwachia fundi kuamua mambo matatu ambayo si yake kuyaamua. La pili linaweza kutekelezwa na mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti hiyo, na kazi ikiisha, kila mmoja atajua ni kipi kimebaki na ni kipi kimeondoka.