Karantini na utengaji: istilahi mbili za mfugaji wa samaki

Neno karantini liliingia katika Kiswahili likiwa na hesabu ndani yake, ingawa wengi wanaolitumia hawaioni hesabu hiyo. Asili yake ni neno la Kiitaliano lenye maana ya arobaini: mwaka 1377 mji wa bandari wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik katika Kroatia, uliamuru wageni waliotoka kwenye maeneo yenye tauni wakae nje ya mji kwa siku 30 kabla ya kuruhusiwa kuingia, na baadaye Venice na bandari nyingine zikafikisha siku hizo 40. Katika pwani ya Waswahili, kisiwa cha Changuu kilicho mbele ya mji wa Unguja kilijengewa gereza katika miaka ya 1890, lakini jengo hilo likaishia kuwa kituo cha karantini cha abiria wa meli. Mwaka 2020 redio zilifikisha neno hilo hadi vijijini, safari hii likiambatana na siku 14. Idadi imebadilika kwa sababu kila ugonjwa una muda wake wa kujificha, lakini maana ya msingi imebaki ile ile: karantini ni muda ambao kiumbe anayeonekana mzima hungojewa, ili ugonjwa alionao, kama upo, ujitokeze kabla hajachangamana na wengine.

Katika kata ya Lufingo, wilayani Rungwe, ambako ng'ombe wa maziwa na migomba ni sehemu ya kila boma, neno hilo lina sura nyingine pia. Karantini ya mifugo, ambayo msingi wake wa kisheria ni Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, hufunga eneo zima: minada husimama, ng'ombe hawatoki wala hawaingii mpaka tangazo liondolewe. Hiyo ni karantini ya kuwazuia waliomo wasitoke, ilhali ya mfugaji wa samaki ni ya kumzuia mgeni asiingie. Tofauti hiyo ya mwelekeo haifafanuliwi mara nyingi, na ndiyo inayomfanya mfugaji adhani kwamba karantini ni kazi ya serikali, kumbe mlangoni pa bwawa lake mwenye kuitangaza ni yeye mwenyewe.

Wapo wanaopendekeza kwamba neno hilo la kigeni liachwe na mahali pake pakae kutenga au utengaji. Pendekezo hilo lina mvuto, kwani kutenga ni kitenzi kizuri na cha zamani. Hutengwa fungu la fedha, hutengwa eneo la malisho. Hata hivyo, kinapotumiwa kwa kiumbe hai hubeba lawama. Huko Rungwe, ambako wamisionari wa Kimoravian walifungua kituo chao mwaka 1891, na katika makanisa mengi ya nchi, muumini aliyetengwa ni yule aliyewekwa chini ya nidhamu kwa kosa linalojulikana. Mtu hatengwi kwa kudhaniwa. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: kutenga hutaja mahali tu, wala hakusemi lolote kuhusu siku. Kwa hiyo ni afadhali maneno yote mawili yabaki na yagawane kazi, yaani samaki ambaye ugonjwa wake umeonekana atengwe, na samaki mgeni ambaye hajaonyesha dalili yoyote awekwe karantini.

Mgawanyo huo umekomaa zaidi miongoni mwa wafugaji wa samaki wa mapambo, hasa wanaofuga diskasi. Huyu ni samaki wa bonde la Amazon, wa jenasi ya Symphysodon, aliye bapa na wa mviringo kama kisahani, anayependa maji laini yenye joto la nyuzi 28 hadi 30 na ambaye wazazi wake hulisha makinda kwa ute wa ngozi yao. Ingawa makao yake yako ng'ambo ya bahari, ni wa familia ya Cichlidae, familia ile ile ya perege wa mabwawani na ya samaki wadogo wa Ziwa Masoko, ziwa la kasoko lililo kusini mwa Tukuyu, ambao watafiti walieleza mwaka 2015 kwamba wanaelekea kugawanyika kuwa spishi mbili, wa manjano wakikaa karibu na ufuko na wa buluu kilindini. Karantini ikiisha, mgeni huchanganywa na wenyeji, na hapo linazuka swali la istilahi nyingine: anayewekwa na diskasi katika tangi moja huitwaje? Mwenzi halifai, kwa kuwa diskasi hujichagulia wenzi wa kuzaa nao na mkanganyiko ungekuwa mkubwa. Mwenza linafaa zaidi, tena kwa sababu ambayo kila msikilizaji wa Kiswahili anaijua: mke mwenza hushiriki nyumba moja bila dhamana ya mapenzi. Mwenza wa tangi basi ni samaki anayeweza kuvumilia joto lile lile, asiyemshinda mwenyeji kwenye chakula, wala kumng'ata mapezi, wala kumfyonza ute. Tetra kadinali na baadhi ya kambale wadogo wa jenasi ya Corydoras hupita mtihani huo. Samaki malaika, ijapokuwa ni jamaa wa karibu wa diskasi, huepukwa na wafugaji wengi kwa kuwa huweza kubeba vimelea ambavyo yeye mwenyewe huvistahimili.

Bwawani uenza una mantiki nyingine. Kambale huwekwa pamoja na perege makusudi ili ale vifaranga vya ziada, maana perege huzaana hadi bwawa likajaa samaki wadogo wasiokua. Sharti ni kwamba kambale anapoingizwa awe mdogo kuliko perege wanaokuzwa, la sivyo atakula mtaji wenyewe. Wanyakyusa wana neno ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja na wenzako, na Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vyao vya marika, alionyesha jinsi walivyowaweka vijana wa rika moja katika kijiji kimoja. Kwa perege na perege, kanuni ya rika inafaa kabisa, lakini kwa perege na kambale hakuna ukwangala wowote, bali kuna hesabu ya ukubwa.

Hesabu iliyo ngumu zaidi ni ya siku za karantini. Wafugaji wa diskasi kwa kawaida huweka samaki mgeni karantini kwa wiki 4 hadi 6, na idadi hiyo imekuwa ikinakiliwa kana kwamba ni amri, ilhali inatokana na joto la maji yao. Mfano ulio wazi ni ugonjwa wa madoa meupe unaoletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, ambacho hujichimbia chini ya ngozi na katika matamvua, kikakomaa, kikadondoka, kikajizungushia utando sakafuni mwa tangi, na humo kikagawanyika kuwa mamia ya vijana wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa huvipata vikiwa katika hatua ya kuogelea tu. Mzunguko huo, katika maji ya nyuzi 25 hivi, hukamilika ndani ya wiki moja; maji yakiwa nyuzi 15 huchukua wiki mbili au zaidi, na yakiwa nyuzi 10 hupita mwezi. Hivyo wiki 4 katika tangi lenye joto hubeba mizunguko kadhaa, lakini wiki 4 hizo hizo katika maji ya milimani yaliyoshuka hadi nyuzi 15 wakati wa kipupwe hubeba miwili tu au pungufu, na mfugaji anayehesabu kwa kalenda atafungua mlango wakati adui bado yuko chini ya ngozi.

Baridi huharibu pia ushahidi. Katika maji yenye joto samaki anayesusa chakula ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo, lakini perege katika maji yaliyo chini ya nyuzi 20 hupunguza kula kwa sababu ya baridi yenyewe, na dalili iliyotegemewa inapoteza maana. Ugonjwa wa vidonda unaoletwa na Aphanomyces invadans, uliozuka katika mto Zambezi mwaka 2006 na 2007 kwenye eneo la Botswana na Namibia, hupendelea kujitokeza maji yanapopoa hadi nyuzi 18 au 22 na baada ya mvua kubwa, hali ambazo Rungwe haina uhaba nazo. Mfugaji ana njia mbili: kuongeza siku, au kuyapasha maji kwa kutumia tangi jeusi la plastiki, ambalo watu huliita simtanki, likiwekwa mahali palipo wazi kwa jua.

Siku zinapokaribia kwisha, samaki mmoja au wawili wa bwawani hutumbukizwa kwa mgeni, kwa kuwa mgeni anaweza kubeba ugonjwa usiomdhuru yeye. Samaki huyo anaweza kuitwa samaki wa kupimia. Kumwita chambo, kama ilivyopendekezwa na wenye mzaha, kungeleta utata karibu na Ziwa Nyasa, ambako upande wa Malawi chambo ni samaki wa kitoweo. Wavu na ndoo za karantini ziwe za karantini tu. Kwa wakulima wa mteremkoni, ambao mabwawa yao hupokezana maji kutoka mfereji mmoja, tangi la mgeni likae chini ya bwawa wala si juu yake, na maji yake yakibadilishwa yamwagwe migombani, yasirudi mferejini.