Mti Uliotoka kwa Mitutu

Tarehe 4 Oktoba 1992, mjini Roma, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji na kiongozi wa kundi la waasi la Renamo, Afonso Dhlakama, walitia saini mkataba wa kumaliza vita vya miaka 16. Mapigano yalikoma, lakini bunduki zilibaki kwa wingi, nyingine zikiwa zimefukiwa ardhini, nyingine zimefichwa vichakani. Amani ya namna hiyo ilikuwa bado changa mno.

Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa msukumo wa Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa Anglikana, lilianzisha mradi wa kugeuza silaha kuwa majembe. Aliyesalimisha bunduki alipewa kitu cha kumpatia riziki: jembe, cherehani, baiskeli au vifaa vya ujenzi. Kijiji kimoja kilichokusanya silaha kwa pamoja kilipewa trekta. Mtu aliyeishi kwa mtutu hawezi kuuachia akabaki mikono mitupu, na waandaaji walilielewa hilo tangu mwanzo. Zaidi ya silaha 600,000 zilikusanywa.

Silaha hizo ziliharibiwa kwanza zisiweze kufyatua tena. Baadhi ya vipande vilipelekwa Núcleo de Arte, chama cha wasanii jijini Maputo.

Hapo ndipo msanii Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, alipounda kiti cha enzi kwa vipande hivyo mwaka 2001. Mikono ya kiti ni AK-47, na juu ya mgongo vimesimama vitako vya bunduki za Kireno ambavyo alama zake zinafanana na nyuso zinazotabasamu. Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, lilikinunua, kisha likashirikiana na shirika la hisani la Christian Aid kuagiza kazi kubwa zaidi.

Kester, Hilario Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté walikata, wakakunja na kulehemu vyuma vya silaha hadi ukasimama Mti wa Uzima, wenye urefu wa mita 3 na uzito wa nusu tani. Chini yake wamo wanyama, nao wameundwa kwa vyuma vilevile. Mwaka 2005 mti huo ulioneshwa London.

Hakuna bunduki hata moja katika kiti cha Kester iliyotengenezwa Afrika. Zilitoka viwanda vya mbali, zikaua Msumbiji, na mafundi wa Maputo ndio waliozipa kazi nyingine.