Mgodi Ukifungwa, Bwawa la Tope Hubaki: Mambo ya Kujua Sisi wa Pwani

Tangu uchimbaji wa madini ya titaniamu ukome huko Kwale mwezi Desemba 2024, mazungumzo mengi ninayoyasikia ni ya ajira zilizopotea, basari za wanafunzi, mrabaha, na ardhi itarudi kwa nani. Ni haki kuyauliza yote hayo. Lakini kuna jambo ambalo silisikii barazani wala kwenye mikutano ya chifu: tope lililokusanywa nyuma ya ukuta kwa takriban miaka 11 litaangaliwa na nani sasa?

Makala haya hayalitii dosari bwawa la Kwale. Nataka tu msomaji ajue mabwawa haya ni kitu gani, huvunjika vipi, na sheria inatupa nguvu gani ya kuuliza. Watu wengi hudhani mgodi ukifungwa hatari nayo imefungwa. Yaliyotokea Brazil yanaonyesha vingine.

Bwawa la tope ni nini?

Mwamba au mchanga unaochimbwa huwa na madini kidogo sana ndani yake. Katika migodi mingi ya shaba, kilo 1,000 za mwamba hazitoi hata kilo 10 za shaba. Kwenye dhahabu huhesabiwa gramu. Kinachosalia ni unga na mchanga uliochanganyika na maji, yaani tope, na lazima liwekwe mahali. Basi huzungushiwa ukuta na kuachwa lituame.

Tope hutofautiana. La dhahabu huenda likawa na sianidi, na la shaba huenda likawa na tindikali. Kwale madini yalikuwa ilmenaiti, rutaili na zirkoni, ambayo hutengwa na mchanga kwa maji, sumaku na umeme. Na tusichanganye mambo: bwawa la Mukurumudzi lilijengwa kuhifadhi maji safi ya kutumiwa na mgodi. Bwawa la tope ni jingine.

Ukuta hujengwa vipi?

Ukuta wa bwawa la maji hujengwa mara moja ukaisha. Ukuta wa bwawa la tope huongezwa kimo kidogo kidogo kadiri mgodi unavyotoa tope, na kazi hiyo huenda ikachukua miaka 20 au 30. Kuna njia tatu za kuuongeza.

Ya kwanza ni kuuongeza kuelekea nje, kila tabaka jipya likikaa juu ya ukuta wa zamani na ardhi ngumu. Ni njia imara, lakini hula udongo mwingi na pesa nyingi. Ya pili ni kupandisha wima, katikati ya ukuta. Ya tatu ni kuongeza kuelekea ndani, tabaka jipya likikalia tope lililokauka juu juu. Hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa gharama. Ni kama kuongeza ghorofa huku nusu ya nyumba imekaa juu ya ukuta na nusu juu ya uji uliopoa.

Huvunjika vipi?

Maji ndiyo adui mkubwa. Mvua ikizidi, maji hupita juu ya ukuta na kuula. Ndivyo ilivyokuwa Merriespruit, Afrika Kusini, tarehe 22 Februari 1994, usiku wa mvua kubwa. Tope liliingia majumbani na watu 17 wakafa. Wakati mwingine kasoro huwa chini ya msingi: Mount Polley nchini Kanada, Agosti 2014, ukuta uliteleza kwa sababu ya tabaka laini la udongo ambalo wahandisi hawakulipima vya kutosha.

Namna ya tatu ndiyo ya kutisha zaidi, na anayeishi pwani ameiona bila kwenda chuoni. Maji yakipwa, simama kwenye mchanga uliolowa, ukanyagekanyage pale pale. Mchanga uliokuwa mgumu hulainika, maji hupanda juu na miguu huanza kuzama. Chembe za mchanga zilikuwa zimeegemeana. Zikivurugwa, uzito huhamia kwenye maji yaliyo katikati yao, na mchanga ukawa uji. Tope la mgodi nalo hugeuka hivyo. Tarehe 28 Machi 1965 tetemeko la ardhi lilibomoa mabwawa ya El Cobre nchini Chile na zaidi ya watu 200 wakafa. Mwaka 1970 Chile ikapiga marufuku kujenga kuelekea ndani.

Brumadinho: bwawa lililokuwa limestaafu

Bwawa la kwanza la mgodi wa chuma wa Córrego do Feijão, karibu na mji wa Brumadinho nchini Brazil, lilianza kujengwa mwaka 1976. Liliongezwa kuelekea ndani kwa awamu 15 hadi likapita kimo cha mita 80. Mwaka 2016 liliacha kupokea tope. Likaota nyasi, likawa kama kilima. Chini yake, upande ambao tope lingeelekea, palikuwa na ofisi na kantini ya wafanyakazi.

Tarehe 25 Januari 2019, siku ya Ijumaa, saa sita na dakika 28 mchana, wengi wakiwa kwenye chakula, ukuta uliporomoka. Kamera za mgodi zilirekodi: haikuchukua hata sekunde 10. Karibu mita milioni 10 za ujazo za tope zilitoka kwa muda wa dakika 5 hivi. Ving'ora havikulia. Watu 270 walikufa, wengi wao wafanyakazi wa mgodi, na familia nyingine zilisubiri miaka kabla ya kupata mabaki ya wapendwa wao.

Jopo la wataalamu lililochunguza lilieleza kwamba ndani ya bwawa maji yalikuwa mengi kwa sababu hapakuwa na njia nzuri za kuyatoa, mteremko ulikuwa mkali, na mvua zilizidi kulidhoofisha tope. Hapakuwa na tetemeko wala mlipuko ulioliangusha. Lilikuwa likichoka polepole hadi likaachia.

Waswahili twasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa Brumadinho haukuonyesha ufa. Na miezi michache kabla, kampuni ya ukaguzi kutoka Ujerumani, iliyolipwa na mwenye mgodi, ilikuwa imetoa cheti kwamba bwawa ni thabiti. Zaidi ya miaka mitatu nyuma yake, Novemba 2015, bwawa la Fundão katika jimbo hilo hilo la Minas Gerais lilikuwa limevunjika, likaua watu 19 na kuchafua mto Doce hadi baharini. Brazil ilikuja kupiga marufuku ujenzi wa kuelekea ndani mwaka 2019, karibu miaka 50 baada ya Chile.

Karibu na kwetu

Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, Tanzania, ulipasuka. Tope lilifunika nyumba na mashamba ya wanakijiji. Alhamdulillahi hakuna aliyekufa. Februari 2025 bwawa la mgodi wa shaba nchini Zambia lilimwaga tope la tindikali kwenye mito inayoingia Kafue, samaki wakafa na mji wa Kitwe ukafungiwa maji. Nasi Kenya, ingawa halikuwa bwawa la mgodi, tunaikumbuka Solai, Nakuru: usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba la mtu binafsi liliua zaidi ya watu 40.

Tuulize nini?

Agosti 2020, baada ya Brumadinho, ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa mabwawa ya tope, ukihusisha Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, wawekezaji na baraza la makampuni ya migodi. Unataka kila bwawa liwe na mkuu anayewajibika, mhandisi anayejulikana, wakaguzi huru, na taarifa zilizo wazi kwa wanaoishi chini yake, hata baada ya mgodi kufungwa. Mwongozo si sheria ya nchi, lakini hutupa maswali mazuri kwa bwawa lolote:

1. Ukuta uliongezwa kwa njia gani: kuelekea nje, wima au ndani?
2. Maji yamefika kimo gani ndani ya ukuta, nani anayapima, na kila baada ya muda gani?
3. Ukivunjika, tope litapita wapi? Ramani iko? Walio njiani wameonyeshwa pa kukimbilia?
4. Mkaguzi ni nani, na analipwa na nani?
5. Pesa za kulitunza miaka ijayo ziko wapi? Sheria ya Madini ya 2016 inataka mwenye leseni aweke dhamana ya mazingira. Ni kiasi gani, na nani ataidhinisha irudishwe?

Kuuliza si kuomba fadhila. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeweka utaratibu. Andikia NEMA au Wizara ya Madini. Barua yaweza kuwa kwa Kiswahili, sheria imesema hivyo wazi, na kuiwasilisha hakulipiwi. Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumwandikia maombi yake. Jibu latakiwa ndani ya siku 21, na likihusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48.

Ushauri wangu kwa ndugu zetu wa Maumba, Nguluku na Msambweni nzima ni huu: barua hiyo iandikwe sasa, wakati kumbukumbu bado zipo na wahusika bado wanajulikana walipo. Majibu yakiwa mazuri, tutalala kwa amani. Yakiwa mabaya, ni heri tuyajue kabla ya masika.